Deni la Mpita Njia

Safari ni mwalimu mkongwe. Wahenga waliwahimiza watu watembee ili waone. Wakawaonya kuwa haraka haraka haina baraka. Wakawatuliza kwa kusema kuwa mwenda pole hajikwai. Maneno haya matatu yakiwekwa pamoja, mtu huweza kuamini kwamba yeyote aendaye polepole huku akitazama amekwisha timiza yote aliyotakiwa na hekima. Miguu yake haina kosa, macho yake hayana kosa, na wakati anaoutumia ni wake mwenyewe. Lakini iko kauli ya nne, ambayo aghalabu haisemwi bali hutendwa kila siku katika njia za pwani: mwenye kupita ndiye aanzaye salamu. Kauli hii ndiyo inayozitia zile tatu katika mizani. Humwuliza msafiri, hata yule mpole kuliko wote, swali ambalo upole wake peke yake hauwezi kulijibu. Je, mtu apitaye kwa starehe mahali ambapo wengine wanafanya kazi anawiwa nao kitu? Na kama anawiwa, hulipa kwa sarafu gani?

Swali hili laweza kuulizwa katika nchi yoyote, lakini katika Mafia huulizwa kwa sauti iliyo wazi zaidi. Kisiwa kikubwa cha Mafia, kilicho mbele ya mlango wa mto Rufiji, kina urefu wa kilomita zipatazo 50. Ardhi yake ni tambarare. Haina mlima wa kumtoa mtu jasho wala bonde la kumtia hofu. Minazi imekifunika pande nyingi, na kati ya minazi imo mikorosho na miembe. Na katika sehemu za ndani viko viziwa vya maji matamu ambamo viboko hukaa, mbali na ndugu zao wa Rufiji. Nchi ya namna hii ni kama iliyoumbwa kwa ajili ya baisikeli. Kutoka Kilindoni, makao makuu ya wilaya, mpaka Utende kwenye ghuba ya Chole ni mwendo wa kilomita kama 15. Gari huumaliza kwa robo saa. Mpanda baisikeli asiye na haraka huumaliza kwa saa moja na robo, ikiwa hasimami. Na akiwa ni mtu wa kusimama, asubuhi nzima haimtoshi.

Utamu wa mwendo huo haukanushiki. Harufu ya bahari humfikia mpandaji kabla bahari yenyewe haijaonekana. Husikia makuti yakipigana kwa upepo, na kishindo cha nazi iangukayo, na mlio wa shoka mahali asipopaona. Huona nazi zinavyofuliwa juu ya kifuo, makuti yanavyosukwa kwa ajili ya kuezekea, na ukili mrefu unavyozidi kurefuka katika mikono ya mwanamke ambaye hautazami, kwa kuwa vidole vyake vimekwisha jua njia. Mtu aliye ndani ya gari huona ukijani unaokimbia. Aliye juu ya baisikeli huona mti. Aliye ndani ya gari huona watu. Aliye juu ya baisikeli huona uso. Hapo ndipo starehe yake inapogeuka kuwa jambo la maadili, kwa sababu uso ukionwa nao huona.

Baisikeli yenyewe ilizaliwa kuwa starehe kabla haijawa kazi. Mwaka 1817 Karl Drais aliendesha katika mji wa Mannheim, Ujerumani, chombo chake cha mti chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali, akikisukuma kwa kupiga ardhi kwa miguu. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baisikeli yenye magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuvuta gurudumu la nyuma, umbo ambalo limebaki mpaka leo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa akikaa Belfast, alipata hataza ya mpira wa kujazwa upepo. Wakati huo Thomas Stevens alikuwa amekwisha uzunguka ulimwengu kwa baisikeli ya gurudumu refu, baina ya mwaka 1884 na 1886, akatunga kitabu juu ya safari hiyo na kupata sifa. Mwaka 1889 mtu huyohuyo alifika Afrika ya Mashariki kutafuta habari za Stanley kwa ajili ya gazeti la New York. Lakini hapa hakusafiri kwa magurudumu, bali kwa miguu pamoja na wapagazi.

Baisikeli ilipoenea katika Afrika ya Mashariki ilibadilika tabia. Kando ya Ziwa Viktoria ilibeba samaki, mihogo, mkaa na mikungu ya ndizi. Katika mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia, ilibeba abiria kutoka mpaka huu hadi mpaka ule, na katika biashara hiyo likazaliwa jina la boda boda, ambalo baadaye lilirithiwa na pikipiki. Hivyo katika barabara moja, asubuhi moja, baisikeli mbili huweza kukutana. Moja imempakia mtu na starehe yake. Ya pili imempakia mtu na tenga la samaki ambao jua likipanda wataharibika. Chombo ni kimoja, na pengine hata mwendo ni mmoja. Kinachowatenga wapandaji hawa ni wakati. Wa kwanza anao wakati. Wa pili, wakati ndio ulio naye.

Juu ya huyo wa kwanza watu wamegawanyika. Kundi moja husema kwamba starehe ya mpita njia haimdhuru mtu. Barabara ni ya wote, jua ni la wote, na macho hayachukui kitu mahali yanapotazama: mnazi uliotazamwa na watu mia haupungui hata kidaka kimoja. Tena mgeni huacha fedha. Hununua dafu, hulala katika nyumba ya wageni, hulipa nauli ya mashua. Si bure kwamba mgeni hukaribishwa aje ili mwenyeji apone. Kundi la pili husema kwamba starehe mbele ya taabu ni dharau. Mtu aliyechoka hapendi kutazamwa akichoka. Apaliliaye juani hufanywa sehemu ya mandhari ya mtu mwingine, kama mti au mbuzi, bila ya kuulizwa. Nyumba inayovuja huitwa nzuri na mtu ambaye hatalala ndani yake siku ya mvua, na ukosefu huitwa utulivu na mtu ambaye kesho atauacha nyuma.

Kila kundi lina kweli yake na upungufu wake. La kwanza husahau kwamba binadamu si mnazi. Mti utazamwapo haujui. Mtu hujua, na akijua hubadilika: huona haya, au hujivuna, au hukasirika. Kwa hiyo si kweli kwamba macho hayachukui kitu. La pili husahau kwamba kama starehe ingekatazwa kila mahali penye kazi, hapana mtu ambaye angepumzika duniani. Hata mvuvi aliyeketi barazani siku ya Ijumaa, akiwatazama wanaopita, angekuwa mkosefu. Tena husahau kwamba mfanya kazi hachukii kuonwa siku zote. Fundi hupenda kazi yake itazamwe, na mkulima aliyepalilia vizuri hufurahi kuona mtu amesimama kando ya shamba lake. Linaloumiza si kuonwa. Linaloumiza ni kuonwa na mtu ambaye mwenyewe hakubali kuonwa: atazamaye na kupita, kana kwamba kati yake na yule aliyeketi pana kioo.

Watu wa pwani walikwisha lipima jambo hili zamani, wakalitafutia kanuni. Katika adabu waliyofunzwa na Uislamu, aliyepanda humsalimu atembeaye kwa miguu, atembeaye humsalimu aliyeketi, na wachache huwasalimu wengi. Kanuni hii imehifadhiwa katika hadithi za Mtume, nayo ilitamkwa zama za ngamia, farasi na punda. Baisikeli haikuwako. Lakini kanuni haikumtaja mnyama, ilimtaja aliyepanda. Kwa sababu hiyo haikuchakaa, na leo humhusu mwenye baisikeli kama ilivyomhusu mwenye ngamia.

Hekima yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Aliyepanda ana mambo matatu ambayo aliyeketi hana: yuko juu, ana mwendo, na aweza kuondoka. Aliyeketi hajui kama anayemjia analeta heri au shari. Basi mwenye nguvu zaidi hutakiwa aanze kumtoa hofu aliye na nguvu kidogo. Salamu na salama ni maneno ya shina moja. Kumsalimu mtu ni kumwambia kuwa yu salama nawe. Katika visiwa vya Mafia maana hii si ya kitabuni tu. Katika kisiwa cha Juani, jirani ya Jibondo, yapo magofu ya Kua, mji uliokuwa na misikiti na nyumba za mawe. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava waliotoka Bukini walikuja kwa mitumbwi wakaushambulia, na wakazi wengi wakachukuliwa mateka. Mji haukuinuka tena. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hiyo, mtu ajaye bila ya salamu hawezi kudai kuwa kimya chake hakina maana.

Mtu aweza kuuliza: mbona basi pia iko shikamoo, ambayo mdogo humpa mkubwa, wala haiangalii nani amepanda na nani ameketi? Hapana ugomvi kati ya kanuni hizi. Shikamoo hupima umri. Salamu ya njiani hupima mwendo. Kijana aliye juu ya baisikeli akimpita mzee aliyeketi, madeni yote mawili ni yake. Mzee aliye juu ya baisikeli akimpita mtoto anayekwenda chuoni, mzee humpa mtoto salamu ya njia, na mtoto humpa mzee shikamoo yake. Kila mmoja ana cha kutoa, na hapana aliye mdogo mno hata asistahili kuanzwa.

Sasa kanuni ikipimwa kwa hesabu, thamani ya baisikeli huonekana. Salamu kamili ya Kiswahili si neno moja. Ina ulizo na jibu, ina habari za nyumbani, za kazi na za watoto, na hata ikifupishwa sana huchukua kadiri ya sekunde 12. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hukata karibu meta 17 kila sekunde. Mpaka salamu imalizike, gari limekwenda meta 200, na jibu limeangukia vumbi. Baisikeli iendayo kilomita 12 kwa saa hukata meta tatu na kitu kila sekunde. Salamu inapomalizika mpandaji amekwenda meta 40 tu. Bado husikika, bado huonekana, na akiitwa hugeuka. Yamkini baisikeli ndicho chombo chenye mbio kubwa kuliko vyote ambacho juu yake mtu aweza kusalimu na kungoja jibu. Huu ndio utu wake, si unyenyekevu wa bei yake. Lakini hesabu hiyohiyo humshtaki mpandaji. Mwenye gari aweza kusema kuwa hakuwahi. Mwenye baisikeli asiyesalimu hana udhuru, kwa kuwa aliweza na hakutaka.

Historia ya Tanzania ina mfano wa mtu aliyekuwa na uwezo wa kupita mbio akachagua kupita taratibu. Mwezi wa Oktoba 1967, miezi minane baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, Rais Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, katika nchi iliyo kando ya Ziwa Viktoria, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Rais hakukosa gari. Kama nia ingekuwa kufika tu, angefika siku hiyohiyo. Lakini kiongozi apitaye kwa gari huonwa na watu kama umeme uonwavyo, na apitaye kwa miguu huonwa kama mtu. Wakulima waliosimama kando ya njia waliweza kumtazama usoni, naye akawatazama. Yeyote awaye na rai yoyote juu ya siasa ya miaka ile aweza kukubali jambo moja: mwendo wa polepole ulikuwa na maana kwa sababu ulimweka mtu mkubwa karibu na macho ya watu wadogo. Kama angetembea kilomita hizo katika njia isiyo na mtu, yangekuwa mazoezi ya mwili tu.

Huko Utende barabara ya Mafia huishia majini. Mpandaji atakaye kwenda Jibondo hana budi kuiacha baisikeli kwa mwenyeji na kuingia chomboni. Hapo starehe yake hupata mtihani ambao barabara haikumpa. Barabarani alikuwa bwana wa mwendo wake: akitaka husimama, akitaka huondoka. Baharini mwendo una mabwana wengine. Maji yakiwa yametoka, mashua hukaa juu ya mchanga na kungoja, na msafiri hungoja nayo. Upepo ukikataa, nahodha hubisha, na safari iliyoonekana fupi kwa macho huwa ndefu kwa tanga. Msafiri aliyekuwa akijisifu kwa kupenda polepole hujikuta ameanza kutazama saa. Kumbe alichokipenda hakikuwa polepole. Alichokipenda kilikuwa kuamuru.

Jibondo iko kusini ya ghuba ya Chole. Ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, cha chini, chenye udongo haba usiostawisha kilimo kikubwa. Haina barabara ya magari. Mtu huenda kwa miguu yake, na kijiji kikubwa kimekaa karibu na maji. Wakazi wake wanajulikana pande zote za Mafia kwa mambo mawili, uvuvi na uundaji wa vyombo. Jambo la tatu lililowatambulisha halikuwa sifa bali taabu: shida ya maji matamu. Kwa muda mrefu watu wa Jibondo waliyafuata maji katika kisiwa kikubwa kwa vyombo vya tanga, na ya mvua waliyakinga na kuyaweka akiba katika mabirika. Maji ambayo mpanda baisikeli huyanywa barabarani bila ya kuyafikiri yalikuwa, kwa mtu wa Jibondo, shehena iliyohitaji nahodha, mabaharia na upepo mwema.

Hapa panaonekana kwamba neno polepole, ambalo methali hulitumia kana kwamba ni kitu kimoja, lina vitu vitatu ndani yake. Ya kwanza ni polepole ya hiari. Ndiyo ya mpanda baisikeli, ambaye angeweza kwenda kwa gari akachagua asiende. Ya pili ni polepole ya lazima. Ndiyo ya mtu anayengoja upepo wa kumletea maji, au chombo cha kumpeleka mgonjwa ng'ambo. Huyu hakuchagua, kama angepata njia ya haraka angeishika jana. Kumsifu kwa utulivu wake ni kumdhihaki, hata kama msemaji ana moyo mwema. Kosa kubwa la wasafiri wengi wapole ni kuichukua polepole ya pili na kuiita jina la ya kwanza. Huona watu wamekaa ufukoni, huandika kwamba watu wa visiwa hawana haraka, wala hawaulizi wale watu wamekaa wakingoja nini.

Ya tatu ni polepole ya kazi, na mwalimu wake mzuri ni mwundaji wa chombo. Huko Jibondo chombo huundwa pwani, karibu na mahali kitakapoelea. Mkuku hulazwa, hanamu na fashini husimamishwa, mbao huchongwa kwa tezo na kukaribishwa ubavu kwa ubavu, mataruma hutafutwa katika miti ambayo tangu kuota kwake ilikwisha pinda kama fundi atakavyo, matundu hutobolewa kwa keke, na nyufa hutiwa pamba ya kalafati. Umbo la chombo kizima halimo katika karatasi. Limo katika jicho la fundi, aliyelipokea kwa fundi wa kabla yake. Kazi hii haiharakishwi, wala haicheleweshwi kwa starehe. Huenda kwa kadiri inayotakiwa na mbao, na ubao uliokazwa kwa pupa hukumbushwa na bahari. Mwundaji haendi polepole kwa kuwa amependa, wala kwa kuwa amekosa njia nyingine. Huenda hivyo kwa kuwa anakitii kitu anachokifanya.

Ikiwa hivyo, thamani ya polepole haimo katika kipimo cha mwendo bali katika kitu ambacho mwendo unakitumikia. Ya lazima hutumikia dhiki, na wajibu wa jamii ni kuipunguza, si kuipiga picha. Ya kazi hutumikia kitu kitakachobaki. Ya hiari je, hutumikia nini? Ikiwa humtumikia mpandaji peke yake, si dhambi, lakini pia si wema. Ni sawa na usingizi. Huwa wema pale tu inapomweka mpandaji mahali ambapo wengine waweza kumfikia.

Watu husema hapa kwamba deni hulipwa kwa fedha. Kweli iko sehemu inayolipwa hivyo. Jibondo, Chole na Juani zimo katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 chini ya sheria ya mwaka 1994, hifadhi ya kwanza ya namna hiyo katika Tanzania, yenye eneo la kilomita za mraba 822. Mgeni aingiapo hulipa ada. Lakini hifadhi ina upande wa pili. Ili matumbawe yabaki na samaki wazaliane, sheria imeweka mipaka ya mahali pa kuvua na ya aina za nyavu. Uzuri anaoutazama mgeni chini ya maji umehifadhiwa, kwa kiasi fulani, na mvuvi aliyeambiwa asitupe wavu wake hapo. Huenda katazo hilo likamfaa mvuvi mwenyewe siku zijazo. Hiyo ni hoja nyingine. Kwa leo yatosha kusema kwamba starehe ya mmoja imesimama juu ya kujizuia kwa mwingine, na kwamba ada hupokewa na ofisi, ilhali aliyejizuia ameketi barazani. Hakuna stakabadhi inayomruhusu mgeni kumpita bila ya kumwona.

Kadhalika picha. Msafiri wa leo hubeba chombo cha kupigia picha mfukoni, na wepesi wa chombo umemsahaulisha uzito wa tendo. Mtu anayeomba maji husema hodi. Anayetaka uso wa mtu hasemi kitu. Lakini aliyeanza kwa salamu, akangoja jibu, akaeleza shida yake, amemweka mwenzake mahali pa kukubali au kukataa. Akikubaliwa amepewa, asiposalimu amejitwalia. Picha mbili huweza kufanana katika karatasi, na moja ikawa zawadi, nyingine wizi.

Pengine mtu mkali atasema kuwa haya yote ni mepesi mno. Salamu haijazi birika. Haimpi mvuvi wavu wala mgonjwa chombo. Kumfundisha mwenye starehe kusema maneno matamu ni kumpatia njia rahisi ya kulala usingizi. Hoja hii ina nguvu, na ingeshinda kama salamu ingekuwa mwisho wa jambo. Lakini salamu ya Kiswahili haikuumbwa kuwa mwisho. Huuliza habari, na habari si nzuri siku zote. Anayeuliza habari za nyumbani hujitia katika hatari ya kuambiwa kuwa mtoto ana homa. Akisha ambiwa, hawezi tena kuwa mtu asiyejua. Ndiyo maana wengi hupita bila ya kuuliza: si kwa kuwa salamu ni kitu kidogo, bali kwa kuwa wanajua ukubwa wake.

Na uchukuliwe mfano ulio mdogo kuliko yote. Katika njia ya kutoka kisimani amesimama mwanamke na ndoo iliyojaa. Ameitua apumzike, na sasa hawezi kuiinua kichwani peke yake. Kuibeba aweza, kujitwika hawezi. Anangoja mtu wa kumtwisha. Apitaye kwa gari hajui kwa nini amesimama. Mwenye tenga la samaki anajua, naye akisimama hupoteza kitu: jua linapanda, na mnunuzi hangoji. Mpanda baisikeli wa starehe anajua, wala hapotezi kitu. Katika barabara nzima ni yeye peke yake ambaye wakati wake hauna mwenyewe mwingine. Dini yenyewe imefundisha kwamba kumsaidia mtu kupandisha mzigo wake ni sadaka. Akisimama, akaegemeza baisikeli yake, akashika ndoo upande mmoja, ikapanda kichwani kwa mwenyewe, starehe yake imepata kazi. Akipita, huku akiwaza jinsi mwanamke na ndoo walivyopendeza chini ya minazi, amefanya kosa ambalo hata mwenye haraka hakulifanya.

Kwa hiyo starehe haikatazwi, wala mpandaji haambiwi auze baisikeli yake. Anaambiwa ajue alicho nacho. Wakati usio na kazi ni mali, na kila mali ina haki ya wengine ndani yake. Mwenye nazi nyingi hutoa nazi. Mwenye wakati mwingi hutoa wakati. Hutoa wa kusalimu, wa kungoja jibu, wa kusikiliza habari hata ikiwa mbaya, wa kutwisha. Asiyetaka kutoa hayo na apande gari, maana katika gari ukimya wake hautamshangaza mtu.

Jioni mashua hurudi Utende, na mpandaji huichukua baisikeli yake mahali alipoiacha. Jua limelegea, na watu wametoka kukaa mbele ya nyumba zao katika njia ya Kilindoni. Kilomita ni zilezile 15, minazi ni ileile. Iko alama moja ya kujua kama safari yake ya mchana ilikuwa safari au ulikuwa upepo tu. Ni kama yuko mtu mmoja katika njia ile, amwonapo kwa mbali, atakayeinua mkono na kumwita asimame.